Magari Matatu ya Chang'ombe

Siku mliyoniaga pale karakana, baada ya pilau na soda, kijana mmoja wa kitengo cha rangi aliniuliza mbele ya watu kama ni kweli zamani palepale tulikuwa tunatengeneza gari. Si kukarabati, alisema, kutengeneza. Kabla sijameza, wenzake wakaangua kicheko, na mie nikacheka nao maana nilikuwa na nyama mdomoni na sikuwa na namna. Lakini nilipofika nyumbani kile kicheko kilinikaa kooni. Sasa nimestaafu, sina bosi wa kumwogopa, na macho bado yanaona tundu la sindano. Nikasema ngoja niwaandikie mambo yalivyokuwa. Vyeo vyangu sitavitaja, vilikuwa viwili tu na cha pili kilikuja na ufunguo wa choo.

Niliingia pale kabla ya Azimio la Arusha, karakana ikiwa bado mali ya tajiri mmoja wa Kigiriki. Mie mtoto wa Mtoni, kushona nimefundishwa na mama yangu, tena kwa mkono kwanza, cherehani baadaye. Tajiri alikuwa anatafuta mtu wa kushona viti vya magari. Walikwishakwenda mafundi wawili wanaume wakashindwa, ile ngozi ya bandia ilikuwa nene na sindano za cherehani zilikuwa zinakatika ovyo. Mie nikaenda na shazia, ile sindano ya kushonea magunia, nikakaa chini na kukishona kiti kizima huku wanaume wamesimama wananitazama. Nikaambiwa nianze kazi siku ileile. Mume wangu, Mungu amrehemu, alinuna kwamba mkewe anakwenda kukaa na wanaume wenye grisi, akasema majirani watamcheka. Majirani hawakumcheka, walikuja kuniuliza kama natengeneza na makochi.

Gari lenyewe nililiona siku hiyohiyo ya kwanza. Lilikuwa linakuja vipande vipande ndani ya makasha kutoka Marekani, kazi yetu ilikuwa kuliunga. Jina lake la Kizungu halina faida hapa, sie tulikuwa tunaliita Mdogo, kwa sababu kwao linahesabiwa gari dogo. Dogo! Likipita Barabara ya Chang'ombe mwenye baiskeli anashuka. Niliambiwa Wamarekani walikuwa wamezoea magari marefu ya kujionyesha, halafu magari madogo ya Ulaya yakaanza kuwachukulia wateja, ndipo viwanda vyao vikalazimika kutengeneza hili, la watu wa kawaida, lisilokunywa sana mafuta. Injini yake ilikuwa ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, kitu kisicho na siri, ukifungua boneti unaona kila kitu na mkono unafika.

Ubaya wake ulikuwa springi. Zilikuwa laini mno, zimetengenezewa lami, na gari lilikaa chini. Likishaacha lami tumbo linakwaruza mpaka unalionea huruma. Tulilinyanyua kwa kuliongezea majani ya springi za lori, usukani tukauhamisha kutoka kushoto kuja kulia, na vumbi tukalizuia kwa mipira tuliyokata kwenye tyubu kuukuu. Kwa hiyo hata wakati huo, kama mnanifuata vizuri, gari lililotoka pale halikuwa tena lile lililoingia.

Mwalimu wangu wa mwanzo alikuwa fundi wa bodi, Saidi, ambaye Temeke nzima ilimwita Saidi Nyundo. Mtu mfupi, mwingi wa maneno, mkono wake wa kulia umejaa kuliko wa kushoto. Yeye ndiye aliyenifundisha neno la kazi yetu, kukalisha. Mlango ukikataa kufunga haurudishwi stoo, unaukalisha. Unagonga hapa kidogo, unapinda bawaba pale, unapiga tupa, mpaka unakaa. Kipande kikitoka kwenye kasha kimepinda, na vilikuwa vinapinda sana melini, Saidi alikuwaga anafurahi kabisa. Na mie kwenye viti nilifanya vilevile. Kitambaa hakitoshi, navuta, kimezidi, nabana. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa ya fundi wa Chang'ombe na tulijivuna nayo. Naitaja kwa sababu ndiyo iliyokuja kutumaliza.

Halafu Wamarekani wakaacha kulitengeneza. Sie huku tuliona tu makasha hayaji. Wakala wao alikuja akatuambia kiwanda kimetoa gari jingine, kubwa zaidi, maana watu wao wamelichoka lile na wanataka ukubwa tena. Mtu anaamka asubuhi kule ng'ambo anasema nimechoka na gari dogo, na huku Chang'ombe watu wanakaa bila kazi. Tajiri akaanza kuuza vitu vyake polepole. Azimio lilipotangazwa na karakana ikawa ya umma, alituaga mmoja mmoja kwa mkono, akaondoka. Stoo ilibaki na sakafu za gari, injini na magia yake, vyote vimefungwa kwenye karatasi za grisi, vya kutosha magari mengi. Bodi hazikuwepo. Makasha ya bodi ndiyo yaliyokuwa yaje mwisho, na hayakuja.

Shirika lililotuchukua lilimleta Injinia Rutta, kijana wa Bukoba aliyesoma ng'ambo. Kiswahili chake kilikuwa kama cha taarifa ya habari na tulimtania sana kwa hilo, lakini alikuwa mtu wa kazi, hana majivuno, chai hanywi mpaka ahakikishe wote tumepata. Aliingia stoo, akashinda humo kutwa, akatoka na wazo. Injini tunazo, alisema, sakafu tunazo, hiyo ni mifupa. Nyama tutaiweka wenyewe. Tutatengeneza bodi yetu, iliyokaa juu, isiyo na mapambo, liwe gari la zahanati za vijiji vya ujamaa. Enzi zile neno kujitegemea lilikuwa limeandikwa kila ukuta, lakini wanaokuja na michoro mkononi walikuwa wachache. Shirika likamkubalia kwa sharti: tengenezeni matatu, kamati itakuja kuyakagua, ikiridhika mtapewa chuma na ruhusa ya kuendelea.

Tatizo lilikuwa namna ya kuipata hiyo bodi. Huko nje karatasi ya chuma inakandamizwa na mashine kubwa, mlango unatoka kwa pigo moja. Mashine hiyo hatukuwa nayo, na fedha za kigeni za kuiagiza hazikuwepo. Njia iliyobaki ni ya zamani. Unachonga kalibu ya mbao yenye umbo la mlango au boneti, unailaza karatasi ya chuma juu yake, unaigonga taratibu mpaka inashika umbo lile. Wa kugonga tulikuwa naye. Wa kuchonga ndiye aliyekosekana, maana maseremala wetu walijua vitu vilivyonyooka, meza na makabati. Basi Injinia akaenda kumtafuta mchonga vinyago.

Alirudi na Mzee Kornelio, Mmakonde wa Newala, aliyekuwa anachonga kando ya Barabara ya Pugu. Mtu mrefu, mwembamba, ana chale usoni na kiko mdomoni. Aliipapasa injini moja kana kwamba anaipima kama imeiva, akauliza gari hili litakuwa la nani. Injinia akamweleza habari ya zahanati. Mzee akakaa juu ya kasha, akatusimulia jambo moja bila hata kupandisha sauti. Mke wake alishikwa na uchungu wa mtoto wa pili, mambo yakaharibika, wakamlaza kitandani na vijana wakakibeba kitanda mabegani kumpeleka hospitali ya misheni. Alifia njiani na mtoto tumboni. Yule wa kwanza, binti, yuko kulekule kijijini, ameolewa na keshaanza kuzaa.

"Mie nitachonga," alisema. "Lakini nyuma mtu alale. Alale amenyooka, si amekunjwa."

Injinia akampa mkono, akamwahidi kwamba kamati ikipitisha, gari la kwanza litakwenda zahanati ya kwao. Tangu hapo sie wote tulijua Mzee Kornelio anamchongea nani, na hata Saidi, ambaye hakuna alichokiacha bila kukifanyia mzaha, hilo hakulifanyia.

Sasa ile sakafu ya Kimarekani haikutosha kulaza mtu. Wenyewe walitaka mtu akae, na nyuma aweke masanduku ya safari. Injinia alichora akafuta, akachora akafuta, mwishowe akaniita mie. Kiti cha abiria cha mbele kikiweza kulala chali kabisa, alisema, miguu ya mgonjwa ikaja pembeni ya dereva na kichwa kikabaki nyuma, basi nafasi ipo. Kazi ya kiti kile ndiyo ninayojivunia kuliko zote nilizofanya. Ngozi ya bandia ilikuwa imeadimika nchi nzima, nikatumia turubai. Sponji hakuna, nikajaza usumba wa nazi, ule wa magodoro, nikaushindilia na kuushona mistari mistari ili usihame. Ulikuwa unakwaruza kidogo, lakini kifuniko kikichafuka na damu unakivua, unakifua, unakirudisha.

Kupima urefu, Mzee Kornelio hakutaka futi. Alitaka mtu. Na pale karakana wanawake tulikuwa mie na mama wa kantini, na mwenye mimba kubwa nilikuwa mie. Injinia alikuja kuniomba huku anatazama ukuta. Nikamwambia, Injinia, mie si gunia, niombe vizuri. Akaniomba vizuri. Nikalala kwenye mbao, Mzee akanipima kwa shubiri kuanzia utosini, akaacha nafasi ya mkono wa nesi kila upande, akaweka alama kwa chaki. Saidi akasema kwa mwendo huo tutatengeneza basi. Haukupita muda nikajifungua hospitali ya Temeke, nilipelekwa kwa teksi, safari ya kufumba na kufumbua. Wala sikuifikiria ile teksi.

Gari la kwanza lilitusumbua sana, lakini lilipotoka lilikuwa zuri, nasema bila aibu. Limekaa juu, pua fupi, madigadi yana mashavu. Vioo vilikuwa bapa maana vya kupinda hatukuvipata. Tulilijaribu kwenda Pugu kupitia Ukonga, na wafungwa waliokuwa wanalima kando ya barabara walisimama na majembe yao kulitazama, askari wao naye akasahau kuwafokea. Kwenye mlima rejeta ikachemka. Injinia akabadilisha feni, akatoboa matundu kwenye boneti, tukarudi tena, likapanda. Tukalipeleka na Wazo, kwenye kiwanda cha saruji, tukalipakia mifuko ya saruji badala ya watu, likapita kwenye mashimo ya malori bila kukatika kitu. Tulirudi, nje limekuwa jeupe kwa vumbi na ndani ni safi. Mzee Kornelio alipitisha kidole kwenye kile kiti, akatuonyesha kidole, hakina vumbi.

La pili likafuata, halafu la tatu. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Mzee Kornelio kila tulipomaliza gari moja aliirudia kalibu yake, akaitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyevaa vibaya. Anachukua tezo, anapunguza shavu hapa, anazungusha kona pale. Mlango wa gari la pili ulikuwa na tumbo dogo kuliko wa la kwanza. Boneti ya la tatu aliishusha pua. Hata upande wa kushoto na wa kulia, ukikazia macho, haukuwa sawa, kama uso wa mtu usivyokuwa sawa. Kwa mchonga vinyago wa kwao hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kurudia kitu kilekile ni aibu, ni kuonyesha umeishiwa. Aliniambia siku moja kwamba mteja akija anataka vinyago viwili vinavyofanana, yeye hujua mtu huyo hajui anachonunua. Michoro ya Injinia aliiheshimu, aliitandaza kila asubuhi kabla hajaanza, lakini kwake mchoro ulikuwa unamweleza habari ya mnyama, si mnyama mwenyewe.

Na sie hatukuona ubaya wowote. Saidi aliletewa mlango wenye umbo jipya, akaukalisha. Mie nafasi ya kiti ilipungua vidole viwili, nikabana turubai. Injinia alikuwa kutwa yuko mjini anahangaikia chuma na vioo, anazungushwa ofisi kwa ofisi. Akirudi anafungua mlango, anaufunga, unasikia mlio mmoja safi na mwanya hauoni. Kila gari peke yake halikuwa na kasoro. Angejua wapi? Tulikuwa mafundi wazuri, jamani. Tungekuwa wabovu kidogo tu, lile jambo lingeonekana mapema na tungelirekebisha.

Kamati ilikuja asubuhi. Tulikuwa tumepiga deki mpaka kwenye shimo la kukagulia magari, na Mzee Kornelio alivaa shati lake jeupe la kanisani. Walikuwa mabwana kadhaa wenye suti za mikono mifupi. Wakaingia ndani, wakafungua, wakafunga, wakasifu. Mkubwa wao, mtu wa tumbo, aliuliza kama kile kiti kinaweza kumlaza na yeye, kikamlaza, watu wakacheka, nikamwona Mzee anatabasamu na kiko chake. Mmoja wao hakucheka. Alikuwa mzee mfupi mwenye miwani, aliyepata kufanya kazi kwenye karakana za reli. Aliyazunguka magari yote matatu, mikono nyuma, kisha akasimama mbele ya Saidi.

"Fungua mlango wa dereva wa hili la kwanza," akasema. "Ufunge kwenye la pili."

Saidi akafungua skrubu upesi, akaubeba mlango, akauweka. Ukagoma. Chini ulipita, juu ukatokeza nje. Saidi akatabasamu, akasema hilo si tatizo hata kidogo, wampe nafasi na nyundo yake.

"Bila nyundo," yule mzee akasema.

Wakajaribu boneti ya la tatu kwenye la kwanza, haikukaa. Akaniomba na mie niuhamishe mto wa kile kiti. Nikauhamisha kwa mikono yangu mwenyewe, upande mmoja ukaingia, upande wa pili ukajikunja, na nilikuwa najua kabla sijaugusa kwamba utajikunja. Sijapata kuona aibu kama ile. Yule mzee wala hakuwa na kiburi, naweza kusema alihuzunika. Alimshika Injinia bega.

"Kijana," alisema, "mlango ukivunjika huko kijijini, utamtuma na fundi huyu na nyundo yake? Hapa mna magari matatu. Tulichotaka ni gari moja, mara tatu."

Injinia aliomba muda. Alisema sasa ameelewa, atatengeneza vipimo vya chuma vya kila kalibu, tezo haitaguswa tena. Alizungumza vizuri. Wakamwambia watalifikiria. Majibu yalipokuja yalisema mradi usimame, chuma hakitoshi, na yako magari ya msaada yanayokuja kutoka nje. Injinia alihamishwa. Alipokuja kutuaga alimwomba radhi Mzee Kornelio kwa ile ahadi, na Mzee akamjibu kwa heshima zote, lakini nilimwona hajaelewa anaombwa radhi ya nini.

Maana Mzee hakukubali. Aliniuliza, mwanangu, hivi wamekataa kwa sababu gani? Nikamweleza polepole, habari ya mlango, habari ya kijijini, habari ya kubadilisha. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema la tatu ndilo zuri kuliko yote, sasa kwa nini alirudishe nyuma lifanane na la kwanza? Yeye si mashine ya kusaga. Saidi aliyasikia yale maneno, akatupa nyundo sakafuni, na tangu siku ile salamu yake kwa Mzee ikawa shikamoo kavu, haina neno la pili. Mie sikuweza kumkasirikia. Nilimwonea uchungu, na nikajionea uchungu na mie, kwa sababu niliipenda ile kazi kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Zile injini ziliuzwa moja moja, nyingi ziliishia kuendesha mashine za unga. Gari la kwanza lilichukuliwa makao makuu likawa la kubebea barua, la pili lilianguka sijui wapi, la tatu lilikaa uani kwetu mpaka kuku wa mlinzi wakaligeuza nyumba. Kalibu zilikwenda kantini, maana mama wa kantini alikuwa hana kuni. Mzee Kornelio alizichanja mwenyewe. Alisema mbao ya mkongo inashika moto vizuri. Tukala wali uliopikwa kwa milango ya gari.

Mzee alibaki nasi miaka mingine kama seremala, anatengeneza mipini na mbao za mabodi ya malori. Vinyago alikuwa hachongi tena. Ukimwuliza anasema macho. Alipofika umri wa kustaafu, shirika lilikuwa na desturi ya kumrudisha mfanyakazi kwao na mizigo yake, na kwa kuwa nilikuwa kwenye kamati ya wafanyakazi nikapangiwa kumsindikiza. Tulikwenda kwa pikapu, dereva, Mzee na mie tumebanana mbele, nyuma kumejaa kitanda, meza, mabati, sanduku la zana, magunia ya chumvi na sukari. Rufiji tulivuka kwa kivuko, matope tuliyoyakuta ng'ambo ya pili sitaki kuyakumbuka. Mzee alikuwa mchangamfu safari nzima, ananionyesha mikorosho kana kwamba kwetu haipo.

Tulikuwa tumeiacha barabara kuu na kijiji chao hakiko mbali, tulipokutana na watu wamebeba kitanda. Vijana wanne, kila mmoja na mguu wake wa kitanda, na wengine wanafuata nyuma kwa kupokezana. Juu yake mwanamke amefunikwa kanga, anatazama juu. Mama mmoja mtu mzima anatembea pembeni na beseni. Dereva alisimama bila kuambiwa. Mzee akashuka, akaongea nao kwa Kimakonde, akarudi akaniambia yuko kwenye uchungu tangu juzi na hospitali bado mbali. Nilidhani ni bintiye. Hakuwa bintiye. Mzee hakumjua kabisa.

Tulishusha mizigo yote barabarani, tukamlaza mgonjwa kwenye pikapu. Ndipo tukaona pikapu ni fupi. Miguu inatokeza nje, na kuacha ubao wa nyuma wazi kwenye barabara ile ni sawa na kumtupa. Ikabidi tumkunje. Nikakaa nyuma nikakipakata kichwa chake, yule wa beseni, mama mkwe wake, akamshika magoti. Mzee ilibidi abaki kulinda mizigo. Tukamwacha amesimama kando ya barabara katikati ya vitu vyake.

Ile njia siwezi kuisimulia sawasawa. Kila shimo alinishika mkono, na kila aliponishika nilikuwa nawaza kile kiti, nawaza usumba, nawaza zile nafasi za mkono wa nesi. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, na sikujua namkasirikia nani. Yeye hakupiga kelele. Aliniuliza jina langu na kwetu wapi, nikamwambia, akasema nimetoka mbali. Masista walimpokea mlangoni wakakimbia naye ndani. Tulingoja nje na dereva mpaka sista mmoja akatoka akatuambia wamepona, mama na mtoto, wote wawili, na kwamba wangechelewa kidogo tu wangewakosa wote.

Tulipomrudia Mzee alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la zana. Niliruka chini kabla gari halijasimama vizuri, namwita, Mzee, wamepona, wote wawili wamepona! Nilidhani atafurahi. Aliniuliza alilala vipi. Nikamwambia ukweli, kwamba tulimkunja. Akauliza kama alilia. Nikasema hapana, hakulia. Akaziba uso kwa mikono miwili, na mtu huyo, ambaye sikumwona na chozi siku ya kamati wala siku ya kuchanja kalibu zake, akalia kwa sauti.

"Ningerudia," alisema. "Mwanangu, ningerudia. Ningechonga lilelile, lilelile, mpaka nife."

Dereva akazima injini, tukakaa naye pale juu ya magunia mpaka alipomaliza.